Sifa ya Kenya Mbele ya Wageni Waliolowea Naivasha

Katika lugha ya siasa ya Wasudani, Naivasha si mji wa samaki na soko, wala si ziwa la viboko, bali ni jina la mapatano. Kwa sababu ilikuwa katika hoteli ya kando ya ziwa letu hili ndipo John Garang wa waasi wa kusini na Ali Osman Taha wa serikali ya Sudan, mahasimu wa vita vilivyokwisha kutimiza miaka ishirini, walipoketi majuma kwa majuma chini ya usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, wakapatana juu ya majeshi mwezi Septemba 2003, juu ya mgawo wa mali Januari 2004, na juu ya mgawo wa madaraka mwezi Mei wa mwaka huo huo, hata mkataba kamili ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mji mdogo wa Bonde la Ufa ukawa unatajwa Khartoum na Juba, Oslo na Washington, na kila ulipotajwa, Kenya ilihesabiwa kuwa nchi ya watu wenye busara, ambao majirani wakigombana huwaendea ili wawaamue. Ilipita miaka mitatu tu, jina lile lile likasafiri tena likiwa na habari nyingine: tarehe 27 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kwenye mtaa wa Kabati, watu 19 walichomwa moto ndani ya nyumba moja, na wafanyakazi wa mashamba ya maua waliotoka pande za magharibi wakakimbilia kituo cha polisi na gereza kutafuta salama, wakilindwa na kuta zile zile ambazo kwa kawaida mtu huomba asizione.

Basi msomaji akiuliza kama sifa ya Kenya mbele ya mataifa inapanda au inashuka, sharti kwanza tukubaliane ni nani atakayetoa ushahidi. Mtu aliye mbali hana ila habari za siku mbaya, kwa kuwa siku njema hazina habari. Na balozi ana maslahi ya serikali yake ya kuyachunga, hivi kwamba aghalabu husifu hotubani jambo ambalo amelilalamikia katika barua. Nionavyo mimi, shahidi anayestahili kusikizwa ni mgeni aliyelowea, mwenye kodi ya nyumba ya kulipa, watoto shuleni, na kibali cha kukaa ambacho muda wake ukiisha hana budi kukihuisha. Maana huyo huiona nchi siku za kazi kama aionavyo siku za sikukuu, wala hana sababu kubwa ya kuipamba au kuisingizia.

Wageni wa namna hiyo hatuna uhaba nao. Mtu akitoka Kihoto, mtaa huu wa nyumba za kupanga ulio baina ya mji na ziwa, akashika barabara ya Moi South Lake, hupita mabanda ya maua ambayo wenyewe au mameneja wao ni Waholanzi, Wahindi na Waingereza. Akizidi mbele huona mvuke wa Olkaria, ambako wahandisi kutoka Japani, Iceland na Uchina wamefanya kazi kwa zamu miaka mingi. Na akiteremka kuelekea Mai Mahiu hukuta bohari ya makontena ya reli mpya, reli iliyofunguliwa Oktoba 2019, na madereva wa malori wa Uganda, Rwanda na Kongo wakingoja shehena. Wapo pia wasiokuwa na bango wala kampuni: familia za Sudan Kusini zilizoleta watoto shuleni Nakuru, wafanyabiashara wa Kisomali, na Wakongo mafundi wa nguo. Hao wasio na bango ni nadra kuulizwa kitu, na nitarudi kwao, kwa sababu kwao ndiko shauri lenyewe liliko.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba sehemu kubwa ya sifa ya zamani ya Kenya ilitungwa na wageni wakaazi wenyewe, na baadhi yake ilitungwa hapa hapa ziwani. Joy Adamson, mzaliwa wa iliyokuwa milki ya Austria, aliyeandika habari za simba jike Elsa katika kitabu kilichotoka mwaka 1960 na kufuatwa na filamu mwaka 1966, alikuwa na makazi Elsamere, nyumba ambayo hata sasa watalii huizuru na kunywa chai bustanini. Sidhani ofisi yoyote ya utalii imewahi kuifanyia Kenya tangazo kubwa kuliko lile. Walakini ulimwengu uliosoma habari za Elsa ulijifunza kuijua Kenya kwa simba na mbuga na machweo, ilhali wenye nchi walikuwa pembeni mwa picha, wakibeba mizigo au wakiandaa meza. Ilikuwa sifa nzuri, lakini ni sifa ya nchi isiyokuwa na raia. Na nchi isiyokuwa na raia haiwezi kulaumiwa kwa jinsi inavyowatendea.

Maua ndiyo yaliyoivunja picha hiyo, pasipo mtu kukusudia. Waridi linalokatwa asubuhi kando ya Ziwa Naivasha, likafungwa, likapakiwa katika lori la baridi hadi Uwanja wa Jomo Kenyatta, na likaruka usiku kuelekea Uholanzi, haliwezi kumfikia mnunuzi kama njia imefungwa kwa mawe, kama wafungaji wamelala gerezani wakiomba hifadhi, au kama umeme umekatika. Kwa hiyo mkulima wa kigeni, apende asipende, alilazimika kuwa mwanafunzi wa siasa za Kenya na kuyajua makabila ya wafanyakazi wake. Kenya leo ndiyo inayoongoza kwa kuziuzia nchi za Umoja wa Ulaya mawaridi kutoka nje ya umoja huo. Januari na Februari ya 2008, msimu wa Valentine ukiwa mlangoni, malori ya maua yalisindikizwa na askari, na wengi nje ya nchi walitazamia kwamba Waholanzi na Wahindi wangefunga virago. Hawakufunga. Nadhani hawakukaa kwa mapenzi tu, kwa kuwa banda la maua halitiwi katika sanduku, lakini pia hawakukaa kwa upofu: waliyaona Mapatano ya Kitaifa ya tarehe 28 Februari 2008, wakaiona Katiba mpya ya tarehe 27 Agosti 2010, na wakauona uchaguzi wa 2013 ukipita bila mji wao kuungua.

Miaka iliyofuata ilileta ajabu moja inayostahili kusimuliwa. Baada ya shambulio la Westgate mwezi Septemba 2013, na hasa mwezi Mei 2014 kampuni za utalii za Uingereza zilipowaondoa wateja wao pwani kwa ndege, na kisha baada ya msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa mwezi Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, nasaha za safari za serikali za Ulaya ziliichora Kenya kwa rangi nyekundu na ya machungwa. Na mgeni mkaazi wa Naivasha, aliyekuwa akienda sokoni kununua viazi kama kawaida, akawa anapigiwa simu na jamaa zake wa Rotterdam au Leeds wakimwuliza kama yu hai. Hapo ndipo sifa ya nchi na nchi yenyewe zilipoachana kabisa. Na zikaachana tena kwa upande wa pili tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipoubatilisha uchaguzi wa rais, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea barani Afrika: ng'ambo waliandika kwa taadhima kubwa kuhusu ukomavu wa Kenya, wakati wageni waliokuwa hapa, pamoja nasi, walikuwa wakihesabu akiba ya unga na mafuta kwa ajili ya uchaguzi wa pili.

Kuna mambo ambayo wageni hawa huyasifu bila kusitasita, nami sioni sababu ya kuwapinga. Huisifu M-Pesa, njia ya kulipa kwa simu iliyoanza mwaka 2007, kwa kuwa wakirudi kwao huona wanalipa kodi na umeme kwa taabu zaidi kuliko muuza mboga wa Kihoto. Huisifu Olkaria pia. Mtambo wa kwanza wa huko ulianza kutoa umeme mwaka 1981 kwa msaada na maarifa ya wageni, na kwa muda mrefu mhandisi wa kigeni alikuja akiwa mwalimu. Lakini sasa kampuni ya umeme ya KenGen yenyewe imechimba visima vya mvuke Ethiopia na Djibouti kwa mkataba, na mgeni anayekuja Olkaria yawezekana sana amekuja kujifunza. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kuondolewa katika mashindano ya dunia baada ya 2002, zilirejea mwaka 2021 na kufanya makao Naivasha, na kila mwaka tangu hapo mji umejaa watu wa mataifa ambao hawakuja kwa simba. Haya yote ni maendeleo ya kweli katika heshima, maana heshima ya mtu anayejua kazi ni ya namna nyingine kuliko ile ya mtu mwenye mandhari nzuri.

Lakini mizani ina sahani mbili, na mwezi Juni 2024 zote mbili zilijazwa kwa siku mbili. Tarehe 24 Rais Joe Biden aliitangaza rasmi Kenya kuwa mshirika mkubwa wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa daraja hiyo. Na siku ya pili yake, tarehe 25, kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Port-au-Prince kulinda amani ya Haiti, wakati huo huo polisi wenzao wakiwapiga risasi vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha na walioingia Bungeni Nairobi. Sijapata kuona hadhi ya dola na aibu yake zikitua saa zile zile namna hiyo. Mwezi Oktoba mwaka huo Kenya ikachaguliwa kuingia Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, na kabla mwezi haujaisha serikali ikakiri kwamba imewarudisha Uturuki watu wanne waliokuwa wakimbizi katika ardhi yake. Novemba, Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani wa Uganda, alichukuliwa Nairobi, akaonekana tena mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Na Februari 2025, wanamgambo wa RSF wa Sudan na washirika wao walipokutana Nairobi hata wakatia sahihi hati ya kuunda serikali yao, serikali ya Sudan ilimwita balozi wake nyumbani, kisha ikaipiga marufuku chai ya Kenya.

Ndipo narudi kwa wale wasioulizwa. Kwa Mholanzi mwenye banda la maua, mambo ya Besigye ni habari ya gazetini, mbaya lakini ya mbali. Kibali chake kinaweza kuchelewa, wakili atakishughulikia, na akienda Nyayo House, kwenye ofisi za uhamiaji, atakuta foleni na maafisa wenye adabu, bila shaka asijue kwamba chini ya jengo lile lile mlikuwa na vyumba ambamo raia waliteswa katika miaka ya 1980, vikafunguliwa kwa umma baada ya mabadiliko ya serikali. Kwa Mganda, Mkongo, Mwethiopia au Msudani aliyekuja Kenya kwa kuwa kwao hapakuwa na salama, tukio kama lile la Besigye si habari bali ni hukumu juu ya sababu iliyomleta. Sifa ya Nairobi kuwa mahali ambapo mpinzani wa nchi jirani angeweza kulala usingizi ilijengwa kwa miongo mingi, na ingawa haikuwa kamilifu wakati wowote, ilikuwa sifa adimu, ambayo fedha haiwezi kuinunua.

Kwa hiyo ninalazimika kusema kwamba sifa ya Kenya inapanda na kushuka kwa wakati mmoja: inapanda kwa wageni waliokuja na mtaji au ujuzi, na inashuka kwa wageni waliokuja wakiomba himaya, na baina ya hao wawili ninamwamini zaidi wa pili, kwa sababu wa kwanza analindwa na paspoti yake popote aendapo, ilhali wa pili hana kinga ila tabia ya nchi inayompokea.

Watetezi wa serikali watanikumbusha, kwa haki, kwamba mwanzoni mwa 2024 Kenya iliondoa viza; lakini idhini ya safari iliyowekwa badala yake, yenye ada ya dola 30, iliwatoza hata Waafrika ambao zamani hawakulipa kitu, hata mwaka 2025 nchi nyingi za bara zikasamehewa. Watanikumbusha pia Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unaokusudia kuzigeuza Dadaab na Kakuma kutoka kambi kuwa miji, na kuwaruhusu wakimbizi, ambao nchini ni zaidi ya laki nane, kufanya kazi na biashara pamoja na wenyeji. Hilo ni jambo kubwa. Nchi nyingi tajiri zinafunga milango wakati huu, na Kenya ikilitimiza, itakuwa imefanya tendo ambalo mabwana wakubwa wa Ulaya watalazimika kulitaja kwa heshima.

Mwaka 2025 waandishi wa kigeni walifika mpaka Kihoto, si kwa sababu ya siasa, bali kwa kuwa ziwa, ambalo kama maziwa mengine ya Bonde la Ufa limekuwa likipanda kwa zaidi ya mwongo mmoja, liliingia katika nyumba zetu, na boti za kutembeza watalii zikawa za kuhamisha magodoro na watoto. Picha zilienea, na Kenya ikatajwa tena katika orodha ya nchi zenye dhiki. Wageni wakaazi waliliona jambo hilo kwa namna nyingine: waliuliza ni nani aliyewauzia watu viwanja chini ya mstari wa ziwa, kama hati zilitolewa, na kama aliyezitoa atahojiwa. Hayo ndiyo maswali ambayo wapangaji wenzangu walikuwa wakiuliza pia, wakiwa wamesimama majini, na hadi sasa mgeni na mwenyeji wanangoja jibu katika ofisi ile ile ya ardhi.