Gumba Likigoma: Upasuaji Unasaidia Kiasi Gani?

Wanachuo wenzangu, hebu jaribu kufungua chupa ya maji bila kutumia kidole gumba. Ngumu, eti? Sasa fikiria mwalimu mwenye chaki au fundi cherehani mwenye mkasi, gumba linamuuma kila siku.

Chini ya gumba, karibu na kifundo cha mkono, mfupa wa gumba unakutana na mfupa mdogo uitwao trapezi. Kati yao kuna gegedu, laini kama mto. Umri ukisogea, gegedu linaweza kulika, mifupa ikabaki inasagana. Hiyo ndiyo baridi yabisi ya gumba, na huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Yaani mama na shangazi zetu.

Kisu si hatua ya kwanza. Huanza mazoezi, kifaa cha kushikilia gumba, dawa za maumivu, pengine sindano. Vikishindikana, ndipo upasuaji.

Njia kongwe ni kuutoa mfupa wa trapezi wote. Daktari Gervis wa Uingereza aliieleza mwaka 1949, na hadi leo inatumika. Wengine huongeza kipande cha kano kuziba pengo. Wengine huunganisha mifupa iwe mmoja: gumba linapata nguvu ila linapoteza wepesi. Wengine huweka kiungo bandia: mgonjwa anaweza kupona haraka, lakini kiungo kinaweza kulegea au kuchomoka, akarudi tena mezani.

Ipi bora? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalilinganisha njia kadhaa, na hayakupata hata moja iliyothibitika kuzishinda nyingine kwa kupunguza maumivu au kurudisha kazi ya mkono. Kwa hiyo, upasuaji wenye mambo mengi si lazima uwe bora.

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu kubwa ya maumivu. Ila nafuu haiji kesho yake. Mkono hufungwa wiki kadhaa, na nguvu ya kubana hurudi polepole, miezi mingi, wakati mwingine hata mwaka. Baadhi hubaki na ganzi au maumivu.

Kwa anayekula kwa kazi ya mikono, wiki hizo ni wiki bila kipato. Kwa hiyo mama akikuuliza, "Mwanangu, nifanyiwe?", usikimbilie ndiyo wala hapana. Nenda naye kwa daktari, mkaulize: tumeshamaliza njia nyingine? Atarudi kazini lini? Na hapo nyumbani, nani atakanda unga?