Uongo Njoo, Utamu Kolea: Mshabiki Mkongwe wa Mieleka ya Kulipwa na Masimulizi ya Podikasti

Utangulizi

Fanani wa Kiswahili anapoanza ngano, hadhira humwitikia kwa kuualika uongo uje ili utamu ukolee. Hakuna miongoni mwa wasikilizaji anayedhani kwamba sungura alisemezana na fisi kwa kweli, wala hakuna anayesimama katikati ya hadithi kumsuta fanani. Pande mbili zimekwisha kupatana. Mapatano ya namna hii ndiyo ufunguo wa kumwelewa mtu ambaye wasomi wengi humpuuza: mshabiki mkongwe wa mieleka ya kulipwa ya Marekani, aliyeifuata kwa miaka ishirini au thelathini, na ambaye sasa hutumia saa nyingi kila juma kusikiliza podikasti zinazoizungumzia.

Swali analoulizwa mshabiki huyo mara kwa mara ni moja: je, hajui kwamba mambo yale yamepangwa? Anajua, na kwa kawaida anajua kuliko anayemwuliza. Swali lenye manufaa zaidi ni kwa nini ujuzi huo haukuyaua mapenzi yake, na umemtwika wajibu gani. Mada hii inalichunguza swali hilo kwa hatua tatu: siri ya ulingo na lugha yake, kuvunjika kwa siri hiyo, na kuzuka kwa podikasti kama uwanja mpya wa masimulizi.

Siri ya Ulingo na Lugha Yake

Kiswahili hulitumia neno mieleka kwa mambo mawili. La kwanza ni mashindano halisi, kama yale ya Michezo ya Olimpiki, ambamo kila mmoja anataka kumbwaga mwenzake. La pili ni maonyesho ambayo mshindi wake ameamuliwa mapema, na wapiganaji hushirikiana ili kila mmoja aonekane anaumizwa bila ya kuumia kupita kiasi. Katika aina hii ya pili, kupiga mtu mweleka ni kazi ya watu wawili: anayebwagwa hujitupa kwa hiari yake, na anayebwaga hubeba dhamana ya shingo ya mwenzake. Hata hivyo, anguko ni anguko. Mbao na vyuma vilivyo chini ya turubai la ulingo haviigizi.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ushirikiano huo ulikuwa siri ya kazi. Wanamieleka waliuita usiri huo kwa neno linalotamkwa keifebu. Asili ya neno hili ina mabishano, ila maelezo yasikikayo zaidi hulihusisha na usemi wa mafumbo wa watu wa maonyesho ya kuhamahama, ambao walizipindua sauti za neno la Kiingereza lenye maana ya 'bandia'. Mwanafunzi wa Kiswahili hatashangazwa na maelezo hayo, kwa kuwa anakijua kinyume, usemi wa pwani ambamo silabi ya mwisho huletwa mwanzo, nyumba ikawa mbanyu na kesho ikawa shoke. Kote kuwili lugha hufanya kazi ile ile ya kumtenga aliye ndani na aliye nje. Wanamieleka walikuwa pia na msamiati wa kupambanua: jambo lililopangwa liliitwa kwa neno lenye maana ya 'kazi', lisilopangwa kwa neno lenye maana ya 'kufyatua', na mtazamaji anayeamini kila kitu aliitwa 'alama'.

Siri hiyo ililindwa kwa ukali. Mnamo Desemba 1984, jijini New York, mwandishi wa habari za televisheni John Stossel alimwambia mwanamieleka David Schultz kwamba yeye anadhani mchezo ule ni wa bandia. Schultz alimzaba makofi mawili mbele ya kamera. Aidha, waliokuwa maadui ulingoni hawakutakiwa kuonekana pamoja garini wala hotelini, na mtu aliyeigiza uovu alitazamiwa kuendelea kuwa mwovu hata mitaani.

Kuvunjika kwa Siri

Waliouvunja usiri huo kwa kishindo ni wenyewe. Mwaka 1989 kampuni ya World Wrestling Federation, ambayo baadaye ilibadili jina na kuwa WWE, iliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba kinachouzwa ni burudani wala si mashindano halisi. Nia yake ilikuwa kujiondoa katika usimamizi na kodi zilizohusu michezo ya ushindani. Mlango uliokuwa ukilindwa kwa makofi ulifunguliwa kwa hesabu ya fedha. Lakini hata kabla ya hapo palikuwa na ufa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Dave Meltzer alikuwa akichapa jarida lake, Wrestling Observer, na kuwapelekea kwa posta wasomaji waliolipa ada habari za nyuma ya pazia.

Matukio mawili yaliyofuata yanaonyesha kwamba kujua siri hakukumaliza utata. La kwanza lilitokea Montreal, tarehe 9 Novemba 1997. Bret Hart, aliyekuwa bingwa, alikuwa karibu kuhamia kampuni hasimu ya WCW, na alikuwa amekubaliana na uongozi juu ya namna pambano lake na Shawn Michaels litakavyoisha. Pambano likiendelea, mwenye kampuni, Vince McMahon, aliamuru kengele igongwe kana kwamba Hart amesalimu amri, ilhali hakusalimu. Mtu aliyeishi kwa kuigiza kushindwa akawa ameshindwa kweli, kwa hila. Tangu siku hiyo mshabiki alikuwa na hadithi mbili za kufuatilia kwa pamoja: ile ya ulingoni na ile ya ofisini.

La pili ni la msiba. Tarehe 23 Mei 1999, katika jiji la Kansas City, Owen Hart, mdogo wake Bret, alianguka kutoka juu ya ukumbi alipokuwa akiteremshwa kwa vifaa vya kuning'inia, akafa. Mtangazaji Jim Ross alilazimika kuwaeleza watazamaji wa televisheni kwamba tukio hilo halikuwa sehemu ya maonyesho. Waliokuwa ukumbini hawakutangaziwa kifo chake, na maonyesho yaliendelea. Lugha iliyokuwa imezoea kuuita uongo kweli ilijikuta haina neno la kuitangazia kweli yenyewe.

Podikasti kama Uwanja wa Masimulizi

Mwaka 2010 Colt Cabana, mwanamieleka wa Chicago, alianzisha podikasti iitwayo The Art of Wrestling. Aliwahoji wenzake juu ya safari ndefu, malipo haba, majeraha na vichekesho vya vyumba vya kubadilishia nguo. Wengine walifuata njia hiyo, wakiwamo Steve Austin na Chris Jericho mwaka 2013. Mwaka 2016 Bruce Prichard, aliyefanya kazi miaka mingi nyuma ya pazia, alianza kusimulia akiongozwa na Conrad Thompson, ambaye mwenyewe alikuwa mshabiki. Mazungumzo yao huchukua tukio moja au mtu mmoja na kulichambua suala lake kwa saa kadhaa.

Sifa za fasihi simulizi zimo humo waziwazi. Yupo fanani mwenye kumbukumbu na sauti ya kuigiza wengine. Yupo mwitikiaji anayemchokoza, kumkumbusha na kumpinga. Na ipo hadhira inayoijua hadithi tangu zamani lakini inataka kuisikia tena. Tofauti kubwa ni kwamba fanani huyu husimulia habari za miili ya watu walio hai, na neno lake laweza kumfikisha mahakamani.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. CM Punk, mmoja wa nyota wakubwa wa WWE, aliondoka Januari 2014 bila ya kuwaeleza watazamaji sababu. Mnamo Novemba mwaka huo alimweleza Cabana katika podikasti yake malalamiko mengi, yakiwamo ya matibabu aliyodai kuyakosa kazini. Daktari wa kampuni aliwashtaki wote wawili kwa kumharibia jina. Mwezi Juni 2018, jopo la raia katika mahakama ya Chicago liliamua kwa upande wa Punk na Cabana. Baadaye marafiki hao walishtakiana wenyewe kwa wenyewe juu ya gharama za mawakili, hadi kesi hizo zilipoachwa mwaka 2019.

Yafaa kutahadhari, hata hivyo. Wasimulizi wa podikasti hizi ni watu waliolipwa miaka mingi kwa kuuza hadithi, na baadhi yao bado wana kampuni za kupendeza na maadui wa kulipiza kisasi. Wanaweza kukiita 'kufyatua' kile ambacho bado ni 'kazi'. Msikilizaji mwenye uzoefu hulinganisha kauli za watu watatu juu ya usiku mmoja, kama mtafiti anavyolinganisha miswada ya utenzi mmoja, akiuliza nani aliyekuwapo, nani aliyesikia kwa wengine, na nani anayefaidika na toleo lipi.

Hitimisho

Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, alieleza kwamba watazamaji wa mieleka hawajali iwapo pambano limepangwa. Wanachotaka ni kuona mateso, kushindwa na haki vikidhihirishwa mbele yao. Kauli hiyo ingali na nguvu, lakini haimtoshelezi mshabiki wa zama za podikasti. Huyu anataka kudhihirishiwa mateso ya mhusika na, papo hapo, kujua mateso ya mtu anayemwigiza: nani alipanda ulingoni na goti bovu, nani alilipwa, nani alinyamazishwa. Mapenzi yake hayakufa kwa sababu yamepata kitu kingine cha kushika. Zamani aliuliza nani atashinda. Sasa anauliza jinsi gani, na kwa gharama ya nani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili pana kazi mbili hapa. Ya kwanza ni ya istilahi: lugha inahitaji kuyapambanua mashindano na maonyesho, na huenda mieleka ya jukwaani likawa jina la kufaa kwa aina ya pili. Ya pili ni ya nadharia. Mapatano ya fanani na hadhira yamezoeleka kuelezwa kama ruhusa ya kudanganya kwa utamu. Mshabiki wa mieleka anayaongezea sharti: uongo na uje, utamu na ukolee, ila aliyeumia kweli asifichwe ndani ya hadithi.