Fulu: Samaki anayekosa mchumba kwa sababu ya uchafu wetu

Mbuta na omena unawajua, lakini fulu je? Huyu ni samaki mdogo wa Ziwa Victoria. Jike hubeba mayai mdomoni, na hata watoto wakiangua bado huwaficha humo.

Miaka ya 1950 mbuta aliletwa ziwani. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka, wengi wakiishia tumboni mwake.

Waliobaki wana shida nyingine. Jike huchagua dume kwa rangi, nyekundu ama buluu. Majitaka na mbolea vikichafua maji, haoni poa, anaishia kwa dume wa aina tofauti. Polepole aina hizo zinachanganyikana na kupotea.

Kama unaishi Kisumu, hebu uliza: majitaka ya mtaa wenu huishia wapi?