Salamu Zisiule Wimbo

Watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba ubishi wa nyimbo ni wetu sisi peke yetu. Nani zaidi, Zein l'Abdin au Juma Bhalo? Mabaraza mangapi ya Mombasa na Lamu yamekesha kwa swali hilo! Lakini mtu akifika Matisi, kiungani mwa mji wa Kitale, atakuta ubishi uo huo, ila majina ndiyo mengine.

Matisi ni mtaa wa watu mchanganyiko, na wengi wao ni Wabukusu wenye jamaa zao Bungoma. Katika kibanda cha fundi wa redio niliwakuta watu wanne wakitajiana nyimbo wanazozipenda. Mzee mmoja hakutaka kusikia jina jingine ila la George Mukabi, bingwa wa gitaa la omutibo, aliyefariki mwaka 1963. Gitaa lake lilipigwa kwa vidole, na mwenzake akigonga chupa ya Fanta kushika mwendo. Mwingine alimtaka Daudi Kabaka na tuisti yake. Mimi, kwa kuwa niliulizwa, nilimtaja Zein na udi wake.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao sikuutazamia: salamu za redio zisomwe wakati gani?

Wasomaji wa umri wangu wanazikumbuka kadi za salamu za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo halijageuzwa jina kuwa KBC mwaka 1989. Msikilizaji aliandika jina lake, majina ya anaowasalimu, na wimbo autakao. Siku hizi majina hutumwa kwa simu, lakini desturi ni ile ile. Na aghalabu mtangazaji huyasoma wimbo ukiwa tayari umeanza.

"Hiyo si haki," alisema yule mzee. "Gitaa la Mukabi husema kabla ya mdomo. Mtu akisoma majina juu yake, amekata kichwa cha wimbo."

Kijana aliyekuwa akisubiri redio yake alimjibu kwa adabu: "Lakini mzee, mama yangu yuko Bungoma. Jina lake likitajwa, jirani wote wanajua kwamba mwanawe hajamsahau. Wimbo atausikia hata kesho."

"Sasa wewe shehe wa Mombasa," mzee akanigeukia, "kwenu inakuwaje?"

Ni swali zuri. Kwetu, msikilizaji wa taarabu ana njia yake ya kusema neno. Ubeti ukimgusa, huinuka na kwenda kutuza. Kila mtu anaona ni nani aliyeguswa na kwa maneno gani, na mwimbaji hakatizwi. Wabukusu nao wana njia inayokaribiana na hiyo. Mpiga litungu, kinubi chao cha nyuzi saba, humtia ndani ya wimbo mtu aliyehudhuria, akamtaja kwa jina na ukoo wake. Kwa hiyo pande zote mbili msikilizaji amepewa nafasi, na wimbo haukuharibika.

Redio ndiyo iliyovuruga mambo. Sahani za santuri za zamani zilibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Hesabu mwenyewe: majina thelathini, kila jina sekunde mbili, ni dakika nzima. Thuluthi ya wimbo imekwenda! Na inayoliwa ni ile thuluthi ya mwanzo, anapojitambulisha mpigaji. Mtu anayezungumza juu ya udi wa Zein kabla sauti haijaingia amewanyima wasikilizaji nusu ya utamu.

Hata hivyo sithubutu kuzidharau salamu. Sisi Waislamu tunajua kwamba kuitikia salamu ni wajibu. Nao wenyeji wa Matisi husalimiana kwa neno "mulembe", ambalo maana yake ni amani, kama salamu yetu. Yule kijana hakuwa akitafuta sifa, alikuwa akitimiza haki ya mzazi aliye mbali.

Rai yangu ni hii. Majina yasomwe kwanza, kwa utulivu, pasipo muziki. Kisha wimbo uachwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Na mwenye neno juu ya wimbo, asifu au akosoe, asomewe baadaye.

Tena mtangazaji asisahau jina moja ambalo halimo katika orodha ya salamu, nalo ni la mwenye wimbo. Mara ngapi tumesikia majina thelathini ya wanaosalimiwa, lakini aliyeimba asitajwe, wala aliyetunga? Mashabiki wengi wa Juma Bhalo hawajui kwamba beti nyingi alizoimba zilitungwa na Ahmad Nassir. Vijana kadhaa wa Kitale hucheza muziki wa Mukabi bila kumjua Mukabi. Watu hawa hawapo tena kujitetea. Ikiwa tunaona uzito wa kumtaja kila jirani na kila shangazi, basi na wao wana haki ya kutajwa.