Ulimi, Mapigo na Tansio: Kubashiri Hatari ya Moyo Kampemba

Moyo kushindwa kazi, shambulio la moyo na kiharusi huandaliwa mwilini miaka mingi kabla ya dalili ya kwanza. Ili kuwatambua mapema walio hatarini, hospitali huhesabu umri, presha, sukari, mafuta ya damu na sigara. Tiba ya Kichina hutazama rangi ya ulimi, hushika mshipa wa mkono, huuliza kama maumivu ya kifua yanabaki mahali pamoja. Ulimi wa zambarau wenye madoa huchukuliwa kuwa ishara ya damu iliyotuama. Daktari Chen Keji wa Hospitali ya Xiyuan, Beijing, ametumia miongo mingi kuzioanisha ishara hizo na vipimo vya maabara. Kazi hiyo inastahili heshima, ila waganga wawili wanaweza kushika mkono uleule na kusoma mapigo tofauti.

Huku Kampemba, wilaya ya jiji la Lubumbashi nchini Kongo, kama kwingineko jijini, adui mkubwa wa moyo ni presha, ambayo wenyeji huiita tansio. Utafiti wa THESUS-HF wa mwaka 2012, wenye wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, uliikuta nyuma ya takriban asilimia 45 ya visa vya moyo kushindwa kazi. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52 tu, umri wa mtu anayesomesha watoto. Bahati njema, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati zisizohitaji maabara: umri, jinsia, sigara, presha, na uzito ukilinganishwa na urefu hutosha kukadiria hatari ya miaka 10 ijayo. Hata kituo kidogo cha afya cha mtaa wa Bel-Air kinaweza kuzitumia.

Tiba ya hospitali na ile ya mitishamba hugongana hasa mgonjwa anapozichanganya. Danshen, mzizi wa Kichina unaotumika kwa maradhi ya moyo, huizidishia nguvu warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Urukususu, uliomo katika michanganyiko mingi ya Kichina, hupandisha presha na kupunguza potasiamu. Miti ya Kongo nayo si maji: *Rauvolfia vomitoria* ina reserpini, iliyotumika hospitalini kushusha presha tangu miaka ya 1950; ikiongezwa juu ya vidonge vya presha, presha yaweza kuporomoka.

Makadirio ya hatari yasiyohesabu dawa hizo yana pengo. Mwenye tansio ampelekee munganga wa hospitali vidonge, chupa na mizizi yote anayotumia, bila kuficha. Naye munganga apokee bila kumgombeza.