Kuwahamishia Nyuki Kwenye Masega Mapya

Katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi bado utaona mizinga ya magogo na ya magome imetundikwa mitini. Imetoa asali na nta kwa vizazi vingi. Lakini mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hufa, na mwenye mzinga wa gogo hawezi kukagua sega hata moja bila kulikata. Ndiyo maana wafugaji wengi hutamani kuwahamishia nyuki wao kwenye sanduku lenye viunzi, yaani vile vibao vya juu ambavyo kila kimoja hubeba sega lake.

Ugumu uko kwa nyuki wenyewe. Nyuki wetu wa Afrika hawavumilii bughudha kama wale wa Ulaya. Ukiwahamisha vibaya, baada ya siku chache utakuta sanduku tupu, majana yamekufa na siafu wamejaa ndani.

Kwanza tuelewe kwa nini masega ya zamani hayafai kubaki. Kila jana linapogeuka kuwa nyuki huacha utando wa hariri ndani ya kijumba chake. Utando hujipanga juu ya utando, sega huwa jeusi, vijumba hupungua ukubwa, na vimelea vya magonjwa pamoja na nondo wa nta hupata maficho. Kwa hiyo masega ya zamani tunayatumia kama daraja tu.

Fanya kazi hii maua yanapoanza, kwa sababu nyuki hujenga sega jipya pale tu chakula kinapoingia kwa wingi. Viunzi viwe na upana wa milimita 32, nafasi ambayo nyuki wetu huipenda. Vikiwa vipana zaidi watajenga sega kukatiza viunzi viwili, na hutaweza kukiinua kimoja peke yake. Katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, mwaga mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa. Paka nta ndani ya sanduku pia, ili linuke nyumbani.

Subiri jioni. Waambie majirani, ondoa mbuzi na ng'ombe waliofungwa karibu, kwani mnyama aliye kambani hana pa kukimbilia. Vaa mavazi ya kinga na usifanye peke yako. Shusha mzinga wa zamani na uweke sanduku jipya mahali pale pale: nyuki anayerudi kutoka porini hukumbuka mahali kuliko umbo la mzinga.

Vuta moshi kidogo, fungua, kisha kata masega yenye majana moja moja. Yafunge kwenye viunzi kwa kamba za mgomba, sehemu iliyokuwa juu ibaki juu. Hapa wengi huharibu kwa tamaa ya kuhamisha kila kitu. Masega yenye asali usiyafunge! Ni mazito, hukatika, na asali inayomwagika huwanasa nyuki na kuwaita siafu usiku huo huo. Yatie ndoo yenye kifuniko.

Mtafute malkia. Ukimpata, mweke katika kitundu kidogo cha wavu ndani ya sanduku kwa siku tatu hivi; kundi litabaki naye. Usipomwona, kung'uta nyuki wote ndani na uwatazame walio mlangoni: wakiinua mikia na kupepea mabawa, kuna matumaini kwamba yumo.

Baada ya hapo usiwaguse kwa wiki moja. Wataimarisha masega kwa nta, na kamba wataitafuna wenyewe. Masega mapya meupe yakishaonekana, anza kusogeza yale ya zamani nyuma, mbali na mlango, na uache viunzi vitupu karibu na majana mapya.

Sasa ni hesabu. Nyuki kibarua huchukua siku 21 tangu yai hadi kutoka kijumbani: siku 3 yai, 6 jana, 12 akiwa amefunikwa. Dume huchukua 24. Kwa hiyo, kuanzia siku ambayo malkia ameacha kutaga katika sega la zamani, hesabu 24, kisha litoe. Usiamini kalenda peke yake. Liinue juani na utazame kama kuna mayai.

Masega hayo yafunge katika gunia, yazamishe ndani ya maji ya moto na uyakandamize kwa mti. Nta huelea, hariri na uchafu hubaki gunianini. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto, hushika haraka. (Waseminari watakumbuka kwamba Mbiu ya Pasaka katika Kilatini inawataja nyuki kwa ajili ya nta hii.) Sega jeusi hutoa nta kidogo, ila inatosha kupaka viunzi vya sanduku linalofuata.