KABLA KIKUNDI CHENU HAKIJAPANDA MASHUA

Vikundi kadhaa vimetuuliza: je, ni halali kutoa pesa za kikundi kwa safari ya baharini, au ni kuponda mali tu? Jibu letu ni kwamba safari ya siku moja inaweza kuwa darasa zuri, ikipangwa. Isipopangwa, inaweza kuleta kilio. Tutaeleza kwa mfano wa Shimoni na kisiwa cha Wasini, huko Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Tulifika huko miaka michache iliyopita na wanachama 20 wa kikundi kimoja cha bara. Wengi wao hawakuwa wameiona bahari hata siku moja.

Mapango na mawe

Jina Shimoni latokana na shimo. Chini ya kijiji kuna mapango marefu ndani ya mwamba. Mwamba huo zamani sana ulikuwa matumbawe, yaani mawe yanayojengwa na viumbe wadogo wa baharini. Bahari iliposhuka, matumbawe yalibaki juu yakafa. Kisha maji ya mvua yakaanza kuyala kutoka juu, na mawimbi yakayachimba kutoka upande wa bahari. Ndiyo maana pwani hiyo ina matundu mengi.

Wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja kuvushwa kwenda Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Mama mmoja wetu aliingia akicheka akatoka kimya.

Ng'ambo ya mlango wa bahari ni Wasini. Kisiwa hicho hakina mto, na kwa miaka mingi watu walitegemea maji ya mvua waliyoyakinga. Nyuma ya kijiji kuna uwanja wa matumbawe makavu yenye maumbo ya ajabu, katikati ya mikoko. Pale hapalimiki. Lakini kikundi cha akina mama wa Wasini kina daraja la mbao la kupitia hapo, na mgeni hulipa ada ndogo. Wanachama wetu walisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine pote, wakiulizana: sisi kwetu tuna nini tunachokiita mawe tu?

Mbele zaidi ni Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, iliyo chini ya KWS. Hapo ndipo watu huogelea na kutazama samaki wa rangi zote. Ada yake ni mbali na ya mashua, kwa hiyo ulizeni mapema ni ngapi na inalipwaje.

Bahari ina saa yake

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na kila siku saa hizo husogea mbele karibu dakika 50. Kwa hiyo saa iliyofaa wiki jana haifai leo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua: maji hupanda na kushuka sana, na mkondo huvuta kwa nguvu. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, na bahari hutulia kidogo. Pango lililo usawa wa bahari laweza kuingilika asubuhi na kufungwa na maji mchana.

Tena kuna pepo. Kusi huvuma kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi karibu mwezi wa tisa, na bahari huchafuka. Wakati wa kaskazi, mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, maji huwa mangavu zaidi.

Yaliyotupata gatini

Tulipofika gatini tulihesabu jaketi za kuokoa maisha. Zilikuwa 12. Sisi tulikuwa 20.

"Mama, bahari leo shwari, pandeni tu," nahodha alisema.

Wanachama wakaanza kunung'unika, "Twende, tushalipa." Na kweli tulikuwa tumelipa pesa zote siku iliyotangulia, kwa hiyo hatukuwa na nguvu ya kudai. Tunakiri kwamba sisi viongozi tulikaribia kukubali.

Ni mzee mmoja aliyekataa. Alisema, "Kijana wangu, nihesabie hao wanane ambao mmekubali wazame." Hakuna aliyemjibu. Tulikaa zaidi ya saa moja mpaka jaketi zikaazimwa mashua nyingine. Muda wa kuogelea ukapungua, na wengine wakatukasirikia.

Alasiri tukirudi upepo uliinuka. Mawimbi yaliingia ndani ya mashua tukalowa sote, na waliokasirika ndio walioshika jaketi zao kwa mikono miwili. Tulifika salama.

Mambo ya kukubaliana mapema

1. Lipeni arbuni tu. Salio litolewe baada ya kuziona jaketi na kuzihesabu.
2. Kila mtu avae jaketi na kuifunga kabla ya mashua kung'oa nanga, hata anayejua kuogelea.
3. Mwulizeni nahodha maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi. Asiyeweza kujibu msipande naye.
4. Asiyejua kuogelea aingie majini na jaketi, ashike kamba, na awe na mwenzake.
5. Msikanyage matumbawe wala kuyavunja. Yaliyo hai hukua polepole sana, nayo ni nyumba ya samaki.
6. Ulizeni ada zinamfikia nani. Mkiweza, lipeni moja kwa moja kwa kikundi cha wenyeji.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

Je, kwetu kuna mahali tunapopadharau ambapo mgeni angelipa kupaona? Na siku ile gatini, nani kati yetu angethubutu kusema hapana?